Uso mmoja, wiki nyingi: namna ya kufanya mazoezi ya picha za sura

Kijana anayeanza kupiga picha za sura kwa kawaida huja kwangu na simu iliyojaa nyuso: jirani, muuza madafu, mgeni aliyekutana naye Forodhani, mtoto wa skuli, kila mmoja picha moja au mbili. Nikimuuliza ipi imemfundisha nini, ananyamaza. Hawezi kujua, kwa sababu kila kitu kimebadilika kwa pamoja: mtu, ukuta, saa, nguo, umbali. Ikitoka nzuri haelewi imekuwaje, ikiharibika haelewi vilevile.

Kwa hiyo namwambia achague mtu mmoja, mahali pamoja na wakati mmoja wa siku, amrudie wiki baada ya wiki, na kila akirudi abadilishe jambo moja tu. Kisha akitafuta maoni aonyeshe picha mbili zilizotofautiana kwa jambo hilo, na aulize swali lenye jibu.

Mimi napiga picha za harusi hapa Unguja, upande wa wanawake, na siku zisizo na harusi napiga za familia na za vitambulisho Mji Mkongwe. Ninayoeleza ni ya mwanga wa hapa, ngozi zetu na nguo zetu, ambayo vitabu vya mafunzo vya kamera huyapita mbio.

Mtu wa kuanza naye

Tafuta mtu ambaye tayari ana mahali pake pa kukaa na kazi mkononi. Mama yangu mdogo hushona kofia mlangoni kwake baada ya swala ya alasiri, na wanafunzi wangu kadhaa wameanzia kwake. Mikono ina kazi, kwa hiyo haiulizi iwekwe wapi. Macho yanashuka kwenye sindano, yanapanda kumjibu mpita njia, yanashuka tena. Na kile kitambaa cheupe mapajani kinarudisha mwanga chini ya kidevu bila wewe kushika chochote.

Omba vizuri. Msalimie, kaa, chai ukipewa unywe, kisha sema wazi unachotaka: "Mama, najifunza kupiga picha. Naomba nije kila Jumapili mwezi huu. Nitamwonyesha mwalimu wangu na rafiki yangu mmoja, sitaitia mtandaoni, na kila nikisafisha picha nitakuletea yako." Ruhusa ya kupiga picha ni moja na ruhusa ya kuionyesha ni nyingine. Kwetu mwanamke anaweza kufurahi kupigwa picha na asikubali kabisa ionekane na mwanamume asiye wa nyumbani. Hilo liulizwe kabla hujafungua kamera, na likishajibiwa liheshimiwe hata kama picha ndiyo bora uliyowahi kupiga. Na ahadi ya kumletea picha yake itimizwe. Anayeona sura yake kwenye karatasi wiki ya kwanza, wiki ya pili anakupokea kwa namna nyingine kabisa, na hiyo huonekana usoni.

Mwanga wa mlangoni

Zanzibar iko kama digrii 6 kusini ya ikweta. Jua hupita juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba, na hata miezi mingine saa sita ya mchana liko juu sana. Ukimsimamisha mtu juani wakati huo, nyusi zinafunika macho kwa kivuli na pua inaangusha doa jeusi juu ya mdomo. Jioni nayo ni fupi huku kwetu. Likishaanza kushuka, ule mwanga laini wa dhahabu hauna subira. Usiutegemee kwa mazoezi.

Tegemea mlango. Mkalishe mtu wako hatua moja ndani ya kizingiti, uso ukitazama nje, nawe simama uchochoroni. Giza la ndani linakuwa nyuma yake, mwanga wote unatoka mbele, na hakuna jua linalomgusa moja kwa moja. Kama ukuta wa mkabala umepakwa chokaa na jua linaupiga, una taa kubwa kuliko yoyote inayouzwa dukani. Angalia rangi ya ukuta huo, lakini. Ukuta wa kijani au wa buluu unatia rangi yake shavuni, na majani ya mwembe hufanya hivyo hivyo. Utashangaa mtu anaonekana mgonjwa na hutajua sababu.

Wiki ya kwanza mpige picha akitazama nje kabisa. Wiki ya pili, kiti kilekile, mgeuze bega kidogo ili mwanga uingie ubavuni. Hapo utaona ngozi nyeusi inavyopenda mwanga wa pembeni: mfupa wa shavu unatokeza, taya linachorwa, na ule mng'ao wa paji la uso unageuka kuwa umbo badala ya doa. Wiki ya tatu msogeze hatua moja zaidi ndani. Mwanga unapungua kwa kasi na vivuli vinakuwa vizito. Tayari umejifunza mambo matatu juu ya mwanga bila kununua kitu.

Vichochoro vyenyewe vina kivuli kizuri hata mchana, ila kuta ni ndefu na mwanga unadondoka kutoka juu tu. Ukipiga picha humo, mwombe ainue kidevu kiasi, au mkalishe barazani nawe upige ukiwa juu kidogo, ili mwanga uyafikie macho.

Kanzu nyeupe, buibui jeusi

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotezwa na mashine yao. Kamera ikipima mwanga inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mpe mzee wa kanzu nyeupe inayojaza picha, na itasema mwanga umezidi, ipunguze, uso wa mzee uwe giza. Mpe bibi wa buibui, itasema ni giza, iongeze, uso uungue. Dawa ni kitufe chenye alama ya + na −. Kwa kanzu nyeupe ongeza, anza na nusu stopu au theluthi mbili (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu). Kwa buibui punguza kiasi hichohicho. Baada ya hapo itazame picha, utazame uso tu. Nguo ikipoteza kidogo si hasara kubwa. Uso ukipotea hakuna picha. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu au chini kurekebisha mwanga.

Zima kabisa ile sehemu ya simu inayolainisha na kung'arisha ngozi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naletewa mabibi harusi ambao katika picha zao za simu wana rangi ambayo hawakuzaliwa nayo. Filamu za rangi zamani zilitengenezwa kwa kupimwa na ngozi nyeupe, na watu wetu wakatoka wakiwa macho na meno tu. Leo tuna kamera zinazoweza kuona kila daraja la weusi, kuanzia maji ya kunde hadi weusi wa mpingo. Kumweupisha mtu ni kumwambia kwamba hakutosha. Mfute jasho kwa tishu, tia poda kidogo ya rangi yake kama anataka, basi.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ndiyo ya bei nafuu na inatosha kwa miaka (f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi). Kama unayo ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, ivute hadi 55 na urudi nyuma. Ukimkaribia mtu na 18, pua inakua na masikio yanakimbia. Simama kama mita mbili. Mlangoni alasiri anzia f/2.8 (kwa ile ya 18-55, f/5.6), spidi (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, kisha panda au shuka kulingana na unachokiona; f/5.6 itadai ISO ya juu zaidi. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Wakiwa wawili, funga tundu hadi f/5.6 ili wote waonekane wazi, bila ukungu.

Jifunze kusoma mwanga wa wengine

Barabara ya Kenyatta kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit. Kuta zimejaa picha za zamani, nyeusi na nyeupe. Nenda ukasimame mbele ya picha moja ya sura na ujiulize mambo mawili: kivuli cha pua kimeangukia wapi, na doa la mwanga ndani ya jicho liko upande gani? Hayo mawili yanakwambia taa ilisimama wapi. Fanya hivyo mpaka uweze kujibu kwa mtazamo mmoja.

Zitafute pia picha za Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa na mwanga wa jua, na mara nyingi mteja alipata mkupuo mmoja tu. Tazama mikono na mabega ya watu wake. Kila kitu kilipangwa kabla ya shata, kile kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, kufunguka. Nawe jiwekee kikomo, picha kumi kwa kikao. Utaanza kutazama kabla ya kubonyeza.

Kuomba maoni

Ukimtumia rafiki picha na kumuuliza "vipi?", atajibu "nzuri sana, mashaallah", kwa sababu anakupenda. Jibu hilo halikusaidii, na kosa liko kwenye swali. Safisha picha mbili, karatasi ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, mtu yuleyule na kiti kilekile, moja kabla na moja baada ya badiliko. Ziweke mezani usieleze kitu. Mtazame anayetazama: jicho lake limeanzia wapi? Kisha uliza: Ipi inafanana naye zaidi? Ulitazama nini mwanzo? Kuna kitu ambacho ukikifunika kwa kidole picha inakuwa bora? Swali la kidole nalipenda kuliko yote. Mtu asiyejua lolote kuhusu kamera atafunika ile ndoo ya plastiki nyuma ya sikio ambayo wewe hukuiona wiki nzima.

Tafuta watu wa aina tatu. Wa kwanza awe mwenye sura mwenyewe; akisema "huyu si mimi", muulize ni mdomo, macho au namna alivyokaa, na usibishane. Wa pili awe mtu asiyemjua kabisa, kwa sababu ndugu hawaoni picha, wanamwona mama yao. Wa tatu awe fundi aliyekaa studio miaka mingi. Kwake usiombe sifa, muulize, "Mwanga umetoka wapi?" Akisita au akikosea, mwanga wako umechanganyika, labda dirisha la pembeni linashindana na mlango.

Andika wanayosema nyuma ya karatasi ileile, pamoja na tarehe, saa na mipangilio ya kamera. Watu wawili au watatu ambao hawajaonana wakigusa kitu kimoja, hicho ndicho badiliko lako la wiki ijayo. Jambo lililosemwa na mmoja peke yake liache likae. Tofautisha pia kasoro na upendeleo: jicho lililokosa fokasi ni kasoro, lakini "ungemfanya acheke" ni upendeleo wa msemaji, na mtu wako huenda si wa kucheka. Anayekwambia "mng'arishe kidogo" msikilize kwanza, kwani pengine kweli uso una giza na unahitaji mwanga zaidi. Ongeza mwanga, usibadilishe rangi.

Ikibidi kutuma kwa WhatsApp, tuma kama faili, isiende kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na fundi atakosoa ukungu ambao si wako.

Utakapoweza kusema kabla ya kupiga picha kivuli cha pua kitaangukia wapi, na kikaangukia hapo, tafuta mtu wa pili aliye kinyume na wa kwanza. Baada ya mama wa mlangoni, chukua mtoto asiyetulia: spidi ipande hadi 1/500, ISO ipande pamoja nayo, kiti kiwe palepale, na wiki ya kwanza usimwombe atulie.