Usiulize "chuo gani kizuri" kabla hujajikagua

Nafanya kazi ya unasihi kwa wanafunzi hapa Masasi. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana huja na swali moja: "Mwalimu, chuo gani kizuri?" Kizuri kwa nani? Chukua daftari tuanze na wewe.

Hatua ya 1: Andika matokeo yako somo kwa somo. Usiishie kwenye divisheni, maana haisemi kama Fizikia umepata au umekosa. Ngazi ya cheti katika vyuo vya kati huanzia D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Lakini utabibu unadai Kemia, Baiolojia na Fizikia, zote tatu. Waliomaliza kidato cha sita wanaotaka shahada waangalie principal mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, A ikiwa 5 na E ikiwa 1.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi unazofanya bila kutumwa. Nani huitwa simu ya jirani ikigoma? Nani humwekea babu hesabu za korosho? Kisha muulize mjomba au mama anakuonaje; mara nyingi wanakujua kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Kaeni na mzazi mzungumze fedha. Hapa naomba msione haya. Andikeni ada, chakula, malazi, nauli, sare na vifaa vya mafunzo, halafu mbele ya kila kimoja andikeni fedha itatoka wapi na mwezi gani. Familia nyingi za kwetu hushika hela minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba. Awamu ya kwanza ya ada ikidaiwa kabla ya hapo, mzazi anajikuta akiuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, na msimu mzima umeharibika. Kwa hiyo pigieni chuo muulize: ada hulipwa kwa awamu ngapi, na ya kwanza lini?

Hatua ya 4: Amua umbali. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo Lindi na Mtwara. Mtwara mjini kuna pia tawi la Taasisi ya Uhasibu na vyuo vya ualimu. Kama una ndugu wa kukupokea huko, gharama ya malazi inapungua sana.

Hatua ya 5: Sasa ndipo ufungue mwongozo wa udahili: wa NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa cheti na stashahada, wa TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa shahada. Chuo cha ngazi hizo kisichomo humo, kifute. Chagua kozi tatu zinazolingana na daftari lako, uje nazo kwa mwalimu wako pamoja na mzazi.