Somo: Saini moja ya barua pepe kwa kompyuta zote za ofisi

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la mafundi wa TEHAMA wanaohudumia ofisi zenye Windows, Active Directory (orodha kuu ya watumiaji inayokaa kwenye seva) na Outlook ile ya kawaida (classic). Outlook mpya ina mambo yake, nimeigusa kwenye maswali.

Kilichonisukuma ni hiki. Ofisi moja niliyokuwa naihudumia ilibadilisha namba ya simu ya mapokezi, na kila mfanyakazi akaombwa arekebishe saini yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye wateja walikuwa bado wanapiga namba iliyokufa. Wengi hawakugusa chochote, na waliogusa kila mmoja alifanya lake: huyu kaweka herufi za zambarau, yule bado ana cheo alichokuwa nacho kabla hajapandishwa.

Hatua ya 1: Safisha taarifa za wafanyakazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wanaporuka. Saini itachota jina, cheo na simu kutoka Active Directory. Kama humo mna makosa, utakuwa umejenga mtambo wa kuwapelekea wateja makosa hayo kila siku. Kaa na mtu wa rasilimali watu, toeni orodha yote, mpitie jina kwa jina.

Vyeo viwe na mtindo mmoja. Siyo huyu "Afisa Masoko", yule "Ofisa wa Masoko". Namba zote zianze na +255, kwa sababu mteja wa Muscat au Kigali akibofya namba inayoanza na 07 simu haitamfikia mtu wako. Na majina yenye ng' yaangalieni kwa makini. Mara nyingi yamenakiliwa kutoka Word yakiwa na ritifaa (alama ya ’) iliyopinda, na usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa, ukikosewa jina linamfikia mteja likiwa na â€™ katikati. Mtu kuona jina la ukoo wake limeharibiwa kwenye kila barua anayotuma inauma, hata kama hakuna aliyekusudia. Andikeni ritifaa iliyonyooka.

Mimi hatua hii ilinichukua siku nne. Skripti, yaani faili ya amri inayotengeneza saini, niliimaliza mchana mmoja.

Hatua ya 2: Tengeneza kiolezo

Tangu toleo la 2007, Outlook ya Windows huchora HTML (lugha ya kurasa za wavuti) kwa injini ya Word. Kwa hiyo panga saini kwa jedwali la kawaida, mitindo iandikwe ndani ya kila kipengele, na upana wa nembo utajwe kwa pikseli. Mahali pa taarifa za mtu weka alama kama @@JINA@@, @@CHEO@@ na @@SIMU@@. Chini yake jina la kampuni, mtaa na S.L.P. vinatosha. Usiifanye saini nzima kuwa picha: mpokeaji aliyezuia picha ataona kisanduku kitupu, na namba ya simu hataweza kuinakili.

Hifadhi kiolezo kwa usimbaji wa UTF-8 kwenye folda ya pamoja ya seva, na nembo ndani ya folda ndogo ya Kampuni_files. Kiolezo kiitaje nembo kwa njia ya Kampuni_files/nembo.png. Watumiaji wapewe ruhusa ya kusoma tu. Anayeweza kuandika humo anaweza kupachika kiungo cha kitapeli kwenye barua za kampuni nzima.

Hatua ya 3: Skripti ya PowerShell

```
$m = ([adsisearcher]"(samaccountname=$env:USERNAME)").FindOne().Properties
$h = Get-Content '\\seva\saini\kiolezo.htm' -Raw -Encoding UTF8
$h = $h.Replace('@@JINA@@', [Net.WebUtility]::HtmlEncode([string]$m.displayname[0]))
$h = $h.Replace('@@CHEO@@', [Net.WebUtility]::HtmlEncode([string]$m.title[0]))
$h = $h.Replace('@@SIMU@@', [string]$m.telephonenumber[0])
$f = "$env:APPDATA\Microsoft\Signatures"
New-Item -ItemType Directory -Force $f | Out-Null
Set-Content "$f\Kampuni.htm" $h -Encoding UTF8
Copy-Item '\\seva\saini\Kampuni_files' $f -Recurse -Force
```

HtmlEncode ipo kwa ajili ya vyeo kama "Mkuu wa Ununuzi & Ugavi", maana alama ya & ina kazi nyingine ndani ya HTML. Tengeneza pia Kampuni.txt kwa njia hiyohiyo, ila bila HtmlEncode. Outlook huitumia barua ikiwa ya maandishi matupu.

Hatua ya 4: Isambaze

Kwenye Group Policy (mfumo wa kusambaza mipangilio kwa kompyuta zote), upande wa mtumiaji, iweke kama skripti ya kuingia. Kisha sambaza thamani mbili za rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), NewSignature na ReplySignature, kwenye HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Common\MailSettings. Andika "Kampuni" bila kiambishi cha faili (.htm). Njia hiyo ya 16.0 inahusu Outlook 2016, 2019, 2021 na ya Microsoft 365. Ukishaweka thamani hizo, mtumiaji hawezi tena kubadilisha saini inayojiweka yenyewe, kwa hiyo waambie watu mapema. Jaribu kwa watu wawili kwanza.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Mwanza: Mkuu, nimefuata yote, nikiingia kwenye kompyuta hakuna kinachotokea. Ruhusa ziko sawa.*

Subiri dakika tano, mkuu. Kuanzia Windows 8.1, skripti za kuingia huchelewa dakika tano kwa makusudi. Sera inayoitwa Configure Logon Script Delay inakuruhusu kuondoa kusubiri huko. Ikishindikana, endesha gpresult /r uone kama sera imemfikia mtumiaji.

*Kutoka Mombasa: Kwangu inakaa vizuri, halafu saini ya zamani inarudi yenyewe.*

Hizo ni saini za wingu za Microsoft 365: Outlook inazivuta kutoka kwenye sanduku la barua. Weka DisableRoamingSignatures, DWORD, thamani 1, chini ya HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Setup. Outlook mpya haisomi kabisa folda ya Signatures, hivyo aliyehamia huko somo hili halimfikii.

*Kutoka Arusha: Sisi hatuna seva, tuna laptopu kumi na Microsoft 365, na bosi anajibu barua kwa simu.*

Tumieni kanuni ya mtiririko wa barua (mail flow rule) kwenye Exchange, yaani huduma ya barua pepe ya Microsoft 365. Inabandika saini barua ikishatoka, iwe ya simu au laptopu, na inakubali %%DisplayName%%, %%Title%% na %%PhoneNumber%%. Maandishi yasizidi herufi 5,000, na nembo iwe kwenye tovuti yenu. Udhaifu wake ni kwamba saini inakaa chini kabisa ya mazungumzo yote, siyo chini ya jibu la bosi. Ili isirundikane, ongeza sharti la kuiruka barua ambayo tayari ina S.L.P. yenu, hapo majibu yanayobeba barua ya awali hayatapata saini mpya. Kwa ofisi ya watu kumi mimi ningeanzia hapo, ila hatua ya 1 msiiruke, kwa sababu majina na vyeo vinachotwa kwenye akaunti zenu za Microsoft 365.