Anza na mstari wa kwanza: jinsi tunavyomsoma Amosi

Kila Alhamisi jioni jumuiya yetu hapa Masasi hukaa chini ya mkorosho nyuma ya kanisa, tukisoma manabii. Mimi ndiye ninayeongoza. Kama nawe unataka kuanza na wenzako, anzeni na Amosi, sura tisa tu.

Msiruke mstari wa kwanza. Wengi huuruka kwa kuona ni majina matupu, kumbe ufunguo umo humo: mfalme Uzia wa Yuda, mfalme Yeroboamu wa Israeli, miaka miwili kabla ya tetemeko la nchi. Shika jina la Yeroboamu ufungue 2 Wafalme 14:23–29. Alitawala miaka 41, akairudisha mipaka ya Israeli mpaka Hamathi. Basi tuko yapata mwaka 760 KK, na wakubwa wa Samaria, mji mkuu wa Israeli, wameshiba, wanalalia vitanda vya pembe za ndovu. Mji huo ulianguka mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK. Nabii alisema na watu wasioona hatari yoyote.

Kisha ramani. Sisi huchora mchangani na kuweka jiwe kila taifa linapotajwa katika sura ya 1 na 2: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu, Yuda. Mawe yakishazunguka, Israeli imebaki katikati, na zamu yake ndiyo ndefu kuliko zote.

Sura ya 8 tulikaa nayo wiki mbili kwa ajili ya mstari wa 5, ambapo wauza nafaka wanataka kuipunguza efa na kuiongeza shekeli. Efa ni kipimo cha ujazo wa nafaka. Shekeli ni jiwe la kupimia fedha, kama gramu 11. Muuzaji akipunguza efa, unapata ngano kidogo. Akiongeza uzito wa shekeli, unatoa fedha zaidi. Umeibiwa mara mbili kwa ununuzi mmoja.

Mama mmoja akasema, “Mwalimu, hiyo si kangomba?”

Nikamwambia, “Umekaribia sana, mama, ila tazama nani ameshika kipimo.” Kwenye kangomba, yaani kununua korosho kwa kipimo kisicho rasmi, mnunuzi ndiye anayekikuza, anayeumia ni mkulima wa korosho. Kwa Amosi anayedanganya ni muuzaji, anayeumia ni maskini aliyekuja kutafuta chakula. Msilinganishe ya kwetu na ya kwao kabla ya kuiona tofauti hiyo.

Alhamisi ijayo ni Hosea. Mstari wake wa kwanza una wafalme watano; kila mtu aje ameshawatafuta.