Kabla hujatoa kamera stesheni, ongea na mlinzi

Wapenzi wa kupiga picha za treni, siku hizi ulinzi stesheni umekaza kwelikweli, sasa ukifika usianze kuchomoa kamera kwenye begi, nenda kwanza kwa mlinzi au stesheni masta, msalimie, mwambie unapiga picha za treni tu na utasimama wapi. Inasaidia mno, maana anayejibanza nyuma ya nguzo ndo anatiliwa shaka. Flashi zima kabisa, inampiga dereva machoni. Tripodi, ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, acha, stesheni nyingi hawaitaki. Kamera za ulinzi na sehemu za ukaguzi zisiingie kwenye picha. Ukisimamishwa na mlinzi mwonyeshe picha zako taratibu, akiona ni vichwa vya treni na mabehewa tu kwa kawaida anapoa, akikataa usibishane, kaombe kibali cha maandishi urudi nacho.