Jinsi ya kunywa mchaichai na rozela ukaisikia ladha yenyewe

Kwanza tuwekane sawa, chai ya tangawizi ya kwa mama ntilie ina kafeini kama kawaida maana ndani kuna majani ya chai, tangawizi ni kiungo tu. Kama kafeini inakunyima usingizi au moyo unaenda mbio basi majani toa kabisa ubaki na mmea wenyewe: mchaichai, rozela (wengine wanaita choya), mdalasini, au hata rooibos ya Afrika Kusini ambayo nayo haina kafeini.

Mimi naona anza na mchaichai, tena mbichi. Pale sokoni vunja jani moja unuse, harufu kama ya limau itoke hapo hapo, isipotoka achana nao. Chukua mabua matatu manne, ponda ile sehemu nyeupe ya chini kwa mchi, majani yafunge fundo, tia kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, moto mdogo dakika 5 alafu zima uache dakika 5 zingine. Na ufunike jamani!! Ile harufu inayojaa jikoni ndo ladha yako inaondoka na mvuke.

Rozela usiichemshe sana, inakuwa kali mpaka inakausha ulimi. Kijiko kikubwa kimoja cha maua makavu kwa kikombe, maji ya moto, funika dakika 5, chuja, inatoka rangi ya damu ya mzee safi kabisa.

Sasa kuonja. Sukari weka mbali kwanza, wengi tunatia vijiko vitatu kabla hata hatujajua tunakunywa nini. Iache ipoe kidogo maana ulimi ulioungua hausikii kitu, nusa, alafu piga fundo dogo huku unavuta na hewa, ndio, kwa sauti, izungushe mdomoni, meza, toa pumzi kwa puani taratibu. Hapo ndo harufu inarudi. Ukitaka kuhakikisha ziba pua unywe mchaichai, utaona kama maji ya moto tu, achia pua, limau hiyo inakuja yote kwa mpigo, ila uchachu hamna. Rozela hata ukiziba pua uchachu utausikia maana huo uko kwenye ulimi, unakaribiana na ukwaju.

Ukishaijua ladha ndo uongeze kitu. Rozela inapenda asali na kijiti cha mdalasini, na ikiwa baridi na barafu mchana wa jua kali inanoga sana. Mchaichai unaenda na tangawizi na karafuu, ila karafuu mbili zinatosha, ukizidisha zinafunika kila kitu.

Rozela inaweza kushusha presha, kwahiyo kama unatumia dawa za presha au una mimba ongea na daktari kabla hujaizoea. Na mchaichai ukibaki usiupashe tena, uweke kwenye friji unywe kesho yake hivyo hivyo baridi.