Ukungu chelewa ndani ya kitalu nyumba: shughulikia umande kabla ya dawa

Wakulima wengi hujenga kitalu nyumba wakiamini kwamba nailoni ikizuia mvua, ukungu chelewa hautaingia kwenye nyanya. Imani hiyo ina ukweli nusu. Mvua haigusi majani, sawa, lakini nailoni hiyo hiyo hufungia ndani mvuke unaotoka kwenye udongo na kwenye mimea yenyewe. Usiku ukipoa, mvuke huo hugeuka umande, na kwa ugonjwa huu umande unatosha kabisa.

Kimelea chake ni Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kwa sura hufanana na kuvu, ila kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani, na maji ndiyo maisha yake. Vijimbegu vyake hutengenezwa usiku, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 90 na joto likiwa la wastani, nyuzi 18 hadi 22 hivi. Asubuhi hewa ikianza kukauka, hupeperuka. Vikitua kwenye jani lililolowa wakati kuna ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15, kila kimoja hupasuka na kutoa vijimbegu vidogo vyenye mikia, ambavyo huogelea juu ya jani vikitafuta pa kupenya. Jani likibaki limelowa kwa saa chache tu, kazi imekwisha. Siku 3 hadi 7 baadaye madoa hutokea, na mzunguko unaanza upya kwa kasi kubwa zaidi.

Doa la kwanza huwa la kijani iliyofifia, kama sehemu iliyomwagiwa maji ya moto, kisha hugeuka kahawia. Geuza jani asubuhi na mapema: ukiona utando mweupe kuzunguka ukingo wa doa, una jibu. Shina hupata mabaka ya kahawia yanayokaribia weusi, na tunda hubaki gumu huku likiwa na baka la kahawia lenye mng'ao wa mafuta. Usichanganye na ukungu wahi, ambao huanzia majani ya chini na kuacha madoa yenye duara ndani ya duara. Ndani ya kitalu nyumba kuna ugonjwa mwingine unaopotosha watu: jani huwa na manjano juu na utando wa rangi ya zeituni chini. Huo si ukungu chelewa, na dawa zake ni tofauti.

Sasa turudi kwenye umande, maana hapo ndipo mkulima hushinda au kushindwa vita hivi. Hewa yenye joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90 ikipoa kwa chini ya nyuzi 2 tu, maji huanza kushika kwenye majani. Ndiyo sababu kufunga madirisha yote jioni wakati hewa ya ndani bado ni nzito ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kupiga dawa. Fungua kwanza, hewa nzito itoke, halafu ufunge. Asubuhi fungua mapema, kabla jua halijapasha hewa ghafla, kwa kuwa matunda hupata joto polepole kuliko hewa, na hewa ya moto ikigusa tunda la baridi hulilowesha. Mwenye mashine ya kupasha joto aiwashe huku ameacha upenyo kidogo juu. Kupasha joto bila kutoa hewa huvuta tu mvuke zaidi kutoka kwenye udongo.

Nunua kipimaunyevu. Ukitundike katikati ya mimea, usawa wa majani, si mlangoni ambako upepo hukidanganya.

Mwagilia kwa matone, tena asubuhi, ili udongo usiingie usiku ukiwa umejaa maji. Ziba mipira inayovuja. Ondoa machipukizi ya pembeni na majani ya chini hewa ipite, na usibane mistari kwa tamaa ya kuongeza miche. Kagua paa: penye tobo, au nailoni inapolegea na kudondosha maji, mimea ya chini yake ndiyo ya kuchunguza kwanza.

Kimelea hiki huhitaji mmea hai ili kidumu, isipokuwa pale aina zake mbili za uzazi zinapokutana na kutoa mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni. Kwa hiyo chanzo mara nyingi ni miche iliyonunuliwa ikiwa tayari imeambukizwa, maotea ya nyanya, au viazi mviringo vilivyotupwa na kuchipua nje ya mlango. Shamba la viazi jirani ni hatari ya kudumu.

Ukiona mmea mmoja umeugua, ufunike kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuukata, mchana majani yakiwa makavu. Kuuburuta wazi hadi mlangoni ni kusambaza ugonjwa mstari mzima. Fukia mbali, kisha nawa na usafishe mkasi.

Kuhusu dawa, si kila dawa ya ukungu inafaa. Kabendazimu na salfa hazikisumbui kimelea hiki, ingawa watu huzipulizia kwa matumaini. Mankozebu na dawa za kopa hukinga jani lisilougua, haziponyi. Simoksanili huweza kukamata maambukizi ya siku moja au mbili. Metalaksili iliwahi kutegemewa sana, lakini usugu dhidi yake ulijitokeza Ulaya mwaka 1980 na umeenea, hivyo isitumike peke yake. Badilisha dawa kwa kufuata namba ya kundi la dawa iliyoandikwa kwenye lebo, si jina la biashara, kwani majina mawili ya biashara yanaweza kuwa dawa ileile. Chagua zilizosajiliwa nchini mwako kwa zao hilo.

Pulizia mapema, jani likauke kabla ya jioni, na ufikishe dawa upande wa chini wa jani. Hewa ya kitalu haitawanyiki haraka kama ya shamba la wazi, kwa hiyo vaa kinga kamili, funga njia watu wasiingie hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite, na uhesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma.