Grupu la kusomea WhatsApp lisife: fanyeni hivi

Wadau wa Moshi mnaorisiti form four, najua wengi mna magrupu ya kusomea ila mengi yamegeuka stoo ya PDF tu, mtu anarusha past paper za NECTA lundo zima halafu kimya, hakuna aliyefungua hata moja. Kusoma pamoja ni kujibizana jamani, sio kurushiana mafaili.

Kwanza msijazane. WhatsApp inaruhusu mpaka watu 1,024 grupu moja lakini nyie kaeni kama kumi hivi, mmoja Pasua, mwingine Kiboriloni, mwingine yuko Rombo huko, haina shida, muhimu asiyeonekana ajulikane. Mada ya wiki ipigieni kura humo humo kisha ipinini juu.

Sasa sheria kubwa, na hii msilegeze hata kidogo: swali halijibiwi kama hujaweka jaribio lako. Fanya kwenye daftari, piga picha, tuma hata kama umekwama mstari wa pili. Tuseme swali ni x² − 5x + 6 = 0 na mwenzenu kaandika (x + 2)(x + 3), tafadhali usimpe jibu! Chukua picha yake, zungushia zile alama za kujumlisha kwa kalamu nyekundu ya humo WhatsApp halafu muulize, 2 na 3 ukijumlisha unapata ngapi na swali linataka ngapi? Ataona kapata 5 wakati inatakiwa −5, atarudi mwenyewe kwenye (x − 2)(x − 3), x ni 2 au 3, na wale waliokuwa wanachungulia kimya nao wameelewa.

Ukijibu, ireplai meseji yenyewe maana maswali matatu yakichanganyika hakuna anayejua nani anajibiwa nini. Voisi noti iwe fupi. Bando nalo linauma, kila mtu azime kudaunlodi otomatiki, na mafaili makubwa wekeni Telegram, inabeba faili mpaka GB 2 na mkiruhusu kwenye setingi anayeingia baadaye anaona vya nyuma vyote.

Kuna wale hawaandiki kabisa. Wengi sio wavivu, wanaogopa kuchekwa, kwa hiyo admini mfuate inbox taratibu, mpe swali dogo unalojua analiweza, akishalipata mwambie alitume yeye kwenye grupu.